Msaliti aliyefichika: Michezo inayotufunza kuuliza ‘nani?’

Hebu linganisha sentensi hizi tatu: ‘Kikombe kimevunjika.’ ‘Kikombe kimevunjwa.’ ‘Asha amevunja kikombe.’ Zote zinaeleza tukio moja, lakini hazituambii mambo sawa. Ya kwanza haimtaji mtu wala haidokezi kwamba yupo. Ya pili inakiri kuwa kuna mtu, ila inamficha. Ya tatu inamleta mbele yetu kwa jina.

Mwanafunzi wa shule ya upili atakwambia upesi kuwa hizo ni kauli ya kutendeka, kauli ya kutendwa na kauli ya kutenda. Atazinyambua vitenzi, apate alama zake na afunge daftari. Kumbe kuna michezo ya mezani ambamo tofauti hiyo ndiyo huamua nani atashinda na nani atashindwa. Nazungumzia michezo ya msaliti aliyefichika, ambayo marafiki huicheza jioni wanapokutana.

Tofauti yake na michezo tuliyoizoea ni kubwa. Katika bao, kete zote ziko wazi na mpinzani wako ameketi mbele yako. Katika karata, kadi zimefichwa lakini unajua unacheza dhidi ya nani. Katika mchezo wa msaliti, watu huketi kama kundi moja lenye lengo moja, ila mmoja au wawili wamepewa kwa siri kadi inayowaamuru kuliangusha kundi hilo. Hapo ndipo methali ‘kikulacho ki nguoni mwako’ inapogeuka kuwa kanuni ya mchezo.

Mzazi wa michezo mingi ya aina hii ni Mafia, uliobuniwa katika miaka ya 1980 na Dimitry Davidoff, kwenye idara ya saikolojia ya Chuo Kikuu cha Moscow. Mwaka wa 1997, Mmarekani Andrew Plotkin aliupa sura mpya ya watu wanaogeuka mbwamwitu usiku, na wengi wanaujua kwa jina Werewolf. Wachezaji hufumba macho ‘usiku’ huku wabaya wakifumbua yao na kumchagua wa kuuawa. ‘Mchana’ wote hujadiliana, kisha hupiga kura ya kumtoa mtu wanayemshuku. Wazo la msingi ni moja: wachache wanaojua dhidi ya wengi wasiojua.

Kabla hatujaendelea, tumwite nani mtu huyu aliyejificha? Kiswahili hakina uhaba wa maneno hapa. Tatizo ni kuyachanganya.

Haini ni mwenye kuisaliti nchi au serikali yake, na uhaini ni kosa la kisheria. Jasusi hukusanya siri na kuzipeleka kwingine. Mamluki ni askari wa kukodiwa, anayepigania malipo. Kigeugeu hubadilika mchana kweupe, na kila mtu humwona akigeuka. Mnafiki husema asiloliamini, hata kama hakuna kundi analolidhuru. Ndumilakuwili, neno ambalo pia ni jina la nyoka anayedhaniwa kuwa na vichwa viwili, hujipendekeza pande zote mbili.

Msaliti ni tofauti na hao wote. Ili mtu awe msaliti, ni sharti kwanza awe ameaminiwa, kwani pasipo imani hapana usaliti. Adui aliye ng’ambo ya mto hawezi kukusaliti. Anaweza kukushambulia tu. Kwa hivyo neno linaloufaa mchezo huu ni msaliti, na kazi anayoifanya ni kuhujumu. Hata mchezo maarufu wa The Resistance, ambao katika Kiingereza chake huwaita wabaya ‘majasusi’, hauwapi kazi ya kijasusi. Hawaibi siri yoyote. Huhujumu misheni za kundi lao, basi.

Tuutumie mchezo huohuo kama mfano. The Resistance ulibuniwa na Don Eskridge na kutolewa mwaka wa 2009. Huchezwa na watu 5 hadi 10. Wakiwa 5, wasaliti ni 2. Wakiwa 10, wasaliti ni 4. Wasaliti wanajuana, lakini waaminifu hawajui lolote ila nafsi zao. Kuna misheni 5, na upande utakaopata 3 kwanza ndio mshindi. Kiongozi, ambaye hubadilika kila zamu, hupendekeza watu wa kwenda. Wote hupiga kura hadharani kukubali au kukataa. Kundi likikubaliwa, kila aliyeteuliwa huweka kadi yake kifudifudi: ya kufaulisha au ya kuhujumu. Mwaminifu haruhusiwi kuhujumu. Kadi huchanganywa, kisha hufunuliwa.

Hesabu yake inatisha. Kati ya watu 5, unaweza kuunda makundi 10 ya watu watatu. Ni kundi moja tu kati ya hayo 10 lisilo na msaliti ndani yake. Anayechagua kwa kubahatisha atashindwa karibu kila mara. Hivyo basi, kilichobaki kwa waaminifu ni mazungumzo. Lazima waulize, wasikilize na wapime maneno.

Chukua misheni ya kwanza, ambayo kwa wachezaji 5 huwahitaji watu wawili tu. Kadi zinafunuliwa, na moja ni ya hujuma. Sikiliza wachezaji watakavyolieleza tukio hilo.

Wa kwanza atasema, ‘Aa, misheni imeharibika!’ Hiyo ni kauli ya kutendeka. Katika Kiswahili sanifu, kauli hii haimpokei mtenda. Huwezi kusema ‘kikombe kimevunjika na Asha’ ukaeleweka vizuri. Kisarufi, kitu hicho ni kana kwamba kimejiharibikia chenyewe, kama maziwa yaliyoganda kwa kukaa juani. Msaliti huipenda sana kauli hii kwa sababu humpa mahali pa kujificha bila kusema uongo hata mmoja.

Wa pili atasema, ‘Misheni imeharibiwa.’ Hapa tumepiga hatua. Kiambishi cha kutendwa, -w-, kinaacha nafasi wazi ya mtenda, na msikilizaji huhisi pengo lile: imeharibiwa na nani? Hata asipotajwa, sarufi yenyewe inadai ajazwe.

Wa tatu atasema, ‘Mmoja wa hawa wawili ameiharibu.’ Huyu ndiye aliyeanza kucheza. Amemrudisha mtenda kwenye nafasi ya kiima na kupunguza washukiwa kutoka watano hadi wawili.

Simaanishi kwamba kila anayetumia kauli ya kutendeka ni msaliti. La hasha! Wengi wetu huitumia kwa mazoea au kwa adabu. Ninachosema ni kwamba kundi linaloridhika na ‘imeharibika’ halitamfikia msaliti kamwe, awe nani.

Chombo cha pili cha msaliti ni kidogo zaidi: kiambishi tu-. ‘Tumeshindwa, jamani.’ ‘Tulikosea kuchagua.’ ‘Tujipange upya.’ Zipo lugha, Kimalei kikiwa mojawapo, zenye maneno mawili tofauti ya ‘sisi’: moja likimjumuisha msikilizaji na jingine likimwacha nje. Kiswahili kina ‘sisi’ moja tu. Anaposema ‘tutashinda’, msaliti anaweza kumaanisha yeye na msaliti mwenzake, na wewe uliyeketi karibu naye ukadhani umo. Hajadanganya, ila hujaambiwa ukweli.

Hapa tunakaribia nadharia ya mwanafalsafa Paul Grice. Katika makala yake ya mwaka wa 1975 kuhusu mantiki ya mazungumzo, Grice alieleza kwamba wazungumzaji huongozwa na kanuni ya ushirikiano. Tunatarajia mwenzetu aseme kweli, atoe habari za kutosha, asitoke nje ya mada na aeleweke. Bila matarajio hayo mazungumzo hayawezekani. Ajabu ni kwamba uongo nao unategemea kanuni iyo hiyo. Msaliti hufaulu kwa sababu tunaendelea kudhani anashirikiana nasi. Kama kila mtu angekatiwa tamaa kabisa, hakuna ambaye angeweza kudanganywa, na hakuna misheni ambayo ingefanyika.

Ndiyo sababu mchezo hauwezi kutatuliwa kwa maneno peke yake. Rudi kwenye ile misheni ya watu wawili. Aliye mwaminifu anajua kwa hakika kwamba mwenzake ndiye aliyehujumu. Atasema, ‘Si mimi, ni huyu.’ Mwenzake naye atasema, ‘Si mimi, ni huyu.’ Maneno ni yaleyale, sauti ni ileile, na pengine hata jasho ni lilelile. Ukweli na uongo vimevaa sare moja. Wengine watatu mezani watajuaje?

Watajua kwa kulinganisha maneno na matendo yaliyo hadharani. Nani alipendekeza kundi lile? Nani alilipigia kura ya ndiyo akijua jina lake halimo? Nani anadai kumshuku fulani na bado anamteua tena? Kura za wazi ni kumbukumbu, na haziwezi kukanushwa. Wachezaji hodari huwa na kalamu na karatasi, kwa sababu kumbukumbu ya kichwa huyumbishwa na anayesema kwa ufasaha.

Toleo la mwaka wa 2012, Avalon, linaongeza jambo litakalompendeza mpenzi wa fasihi. Mchezaji mmoja, Merlin, anawajua wabaya, lakini hawezi kuwataja waziwazi. Waaminifu wakipata misheni zao tatu, wabaya hupewa fursa ya mwisho ya kubahatisha Merlin ni nani. Wakimpata, ushindi unakuwa wao. Kwa hivyo mjuzi wa ukweli hulazimika kusema kwa mafumbo: yaeleweke kwa wenzake, yasieleweke kwa maadui. Washairi wetu wa pwani walilijua sharti hilo karne nyingi kabla ya mchezo huu.

Lakini tahadhari! Kumsaka msaliti kuna gharama yake. Katika Shadows over Camelot, mchezo wa mwaka wa 2005 wa Wafaransa Bruno Cathala na Serge Laget, kadi za utiifu ni 8, na moja tu ndiyo ya msaliti. Wachezaji ni 3 hadi 7. Kwa hivyo hata wakiwa 7, kadi moja hubaki kando, na inawezekana kabisa kuwa mezani hamna msaliti yeyote. Hata hivyo wote hushukiana! Anayemshtaki mwaminifu hulitia kundi hasara: upanga mmoja mweupe hugeuzwa kuwa mweusi. Msaliti asipogunduliwa hadi mwisho, panga mbili nyeupe hugeuzwa. Wabunifu wamepima kwa makini: kunyamaza kuna bei, na kusingizia kuna bei.

Battlestar Galactica, wa Corey Konieczka uliotoka mwaka wa 2008, unaongeza utata mwingine. Kadi zinazochangwa na wachezaji kutatua janga huchanganywa na kadi mbili za kubahatisha kutoka kwenye rundo, ili mhujumu apate kisingizio: ‘Si mimi, ni zile kadi za rundo.’ Isitoshe, katikati ya mchezo kadi za utiifu hugawanywa tena. Aliyekuwa mwaminifu tangu mwanzo anaweza kuamka akiwa adui.

Je, ungependa kuujaribu mmoja wao na wenzako? Mkiwa kundi kubwa na hamna pesa za kununua mchezo, chezeni Mafia. Vikaratasi na msimamizi mmoja vinatosha. Mkiwa na nusu saa, The Resistance utawafaa. Camelot utahitaji jioni nzuri, na Galactica usiku mzima karibu. Ila muuchezee kwa Kiswahili. Kiteueni kila kitu jina: misheni, hujuma, mtiifu, msaliti, mshukiwa, mshtaki. Msamiati haukui kamusini, hukua vinywani mwa wanaouhitaji. Na kadi zikishafunuliwa, hasira zibaki mezani. Aliyekudanganya alikuwa anatii kadi yake.

Kuna kitu kimoja, hata hivyo, ambacho hakifai kubaki mezani: swali la ‘nani?’ Sikiliza tunavyozungumza kuhusu mambo ya umma. ‘Pesa zimepotea.’ ‘Faili imepotea.’ ‘Dawa zimeisha.’ ‘Barabara imeharibika.’ Tunayasema haya kila siku, na magazetini tunayaandika, kana kwamba pesa zina miguu na faili zina mabawa. Wakati mwingine ni kweli barabara imeharibiwa na mvua. Lakini pesa haziozi kama maembe. Zikiondoka, kuna mkono uliozihamisha na kuna sahihi iliyoidhinisha.

Mwalimu anayefunza kauli za vitenzi kesho asubuhi anaweza kuanzia hapo. Andika ubaoni ‘Pesa zimepotea’, kisha uwaombe wanafunzi waigeuze iwe kauli ya kutendwa, halafu ya kutenda. Watakapofika hatua ya tatu watakwama, kwa sababu hawana kiima. Waache wakwame kidogo. Watakuwa wameelewa kazi ya kauli ya kutendeka kuliko ambavyo jedwali la minyambuliko lingewaeleza.