KUKIMBIA MAILI 26 KWA AJILI YA WAGONJWA

Wakulima wenzangu, mtu akikwambia kwamba miguu yaweza kulipia gari la mgonjwa, usicheke. Soma kwanza.

Mwaka 2022 mama yangu alipatwa na kiharusi wakati wa palizi. Mdomo ulikwenda upande, mkono wa kulia ukalegea, na maneno yake hayakueleweka. Majirani walimpeleka hospitali kwa gari la maziwa. Leo yu hai, anatembea kwa fimbo. Lakini usiku gari la maziwa halipo, na ugonjwa huu haungoji. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa katika muda wa saa 4 na nusu tu tangu dalili zianze, na kabla ya hapo ni lazima mgonjwa apigwe picha ya kichwa.

Basi niliwaambia wanachama wa ushirika wetu, "Mimi nitakimbia, ninyi mchange, tuweke akiba ya nauli za wagonjwa." Jambo hili si geni. Tarehe 13 Aprili 2014 Mama Margaret Kenyatta, aliyekuwa Mke wa Rais wakati huo, alikimbia maili zote 26 huko London ili kuchangisha fedha za afya ya akina mama na watoto. Nami mwezi wa Oktoba 2023 nilikimbia Nairobi, katika mbio zilizoanzishwa mwaka 2003. Nilikuwa miongoni mwa watu wa mwisho, lakini nilifika, na akiba yetu ikaanza.

Wewe pia ukitaka kukimbia, yafaa ufuate mambo haya:

1. Pimwa kwanza. Mtu aweza kuwa na presha ya juu asisikie maumivu yoyote. Siku hiyo hiyo mpeleke na mzazi wako akapimwe.

2. Anza polepole. Safari ni kilomita 42 na mita 195. Je, waweza kumbadilishia ng'ombe chakula chote kwa siku moja? La, utamdhuru. Miguu nayo ni vivyo hivyo. Tembea na kukimbia kidogo kidogo siku 3 kwa juma, na siku moja kati ya hizo iwe ya mwendo mrefu. Mimi nilijizoeza miezi 8. Usidhani kwamba kushika jembe kunatosha. Majuma mawili ya mwisho punguza mwendo, upumzike.

3. Fedha zisikae mfukoni mwa mkimbiaji. Mweka hazina azipokee, atoe risiti kwa kila shilingi, na hesabu isomwe mkutanoni. Ahadi ziandikwe kabla ya mbio, zikusanywe juma lile lile. Ahadi ikilala, husahauliwa.

4. Mwombe mzazi wako ruhusa kabla ya kutaja ugonjwa wake mbele ya watu. Mama yangu alikubali, kisha akatoa shilingi za kwanza yeye mwenyewe.

5. Patana na mwenye gari mapema, bei ya mchana na ya usiku, kabla hajaugua mtu.

Kama huwezi kukimbia, hata kidogo, bado unayo kazi. Katika mkutano wenu ujao simama uulize swali hili moja: mtu wetu akianguka usiku wa manane, tutamwita mwenye gari gani, na nani atamlipa? Msiondoke kabla ya kupata jibu.