Roketi ya kartoni inayoitwa Uhuru

Siku moja tuliandika neno moja ubaoni, «roketi», tukaomba watoto wa mwaka wa tano wachore kile wanachokiona wakilisikia. Karibu wote walichora kitu kimoja: nyumba inawaka, watu wanakimbia na magodoro kichwani. Msichana mmoja hakuchora kitu. Aliweka biki chini, akaziba masikio.

Nyinyi mnajua sababu. Tangu Januari 2025, na hata mbele ya hapo kule makambini, watoto wetu walilijua neno hilo kwa mshindo. Tukaulizana, sisi walimu na wamama wa kikundi: tufanye nini ili mtoto ajue kwamba roketi ina kazi nyingine pia? Tukaamua tuijenge kwa mikono yetu, ya kartoni, isiyoruka wala kulipuka, lakini yenye vipimo vya kweli.

Tulichagua ile iliyorushwa kwenye bahari ya Kenya, upande wa Malindi, kaskazini ya Mombasa ambako bidhaa nyingi za masoko yetu zinapita. Pale Waitalia walisimamisha jukwaa la chuma ndani ya maji, jina lake San Marco. Tarehe 12 Desemba 1970, roketi ya Kimarekani aina ya Scout iliondoka pale ikibeba satelaiti. Siku hiyo Kenya ilikuwa inatimiza miaka 7 ya uhuru, ndiyo maana satelaiti ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru.

Aliyeongoza kazi ya satelaiti hiyo, na aliyeipa jina, alikuwa mwanamke: Marjorie Townsend, mhandisi wa NASA na mama wa watoto wanne. Tulipowaambia watoto hivyo, wasichana walinyanyua vichwa.

Uhuru ilitafuta angani miale kama ile ya radio tunayopigwa hospitalini. Miale hiyo inatoka kwa nyota, lakini hewa inaizuia isifike chini, kwa hiyo lazima chombo kipande juu ya hewa. Kwa miaka miwili na zaidi kilihesabu vyanzo 339 vya miale hiyo. Na kwa nini waliirusha karibu na ikweta? Kwa sababu dunia inajizungusha, na ikweta ndipo inapokwenda mbio zaidi. Mtu anayeruka kutoka kwenye chukudu inayoteremka anasukumwa mbele na mwendo wake; roketi nayo inapata msukumo wa bure.

Mvulana mmoja akauliza kama ni wazungu tu wanaofanya hayo. Tukamwambia habari ya mhandisi wetu Jean-Patrice Keka, aliyejenga roketi za Troposphère na kuzirusha Menkao, nje ya Kinshasa. Ile ya mwaka 2009 ilibeba panya, ikaanguka. Darasa lilicheka, kisha likamhurumia panya.

Sasa tuje kwenye ujenzi, maana mnaweza kuufanya nyumbani. Scout ilikuwa na urefu wa karibu mita 23 na upana wa mita 1 hivi. Tulichukua kipimo cha moja kwa 25: kila sentimita 1 ya kartoni inasimamia sentimita 25 za kweli. Mita 23 ni sentimita 2300; gawa kwa 25, unapata 92. Mita 1 inakuwa sentimita 4, ambao ni karibu upana wa kile kibomba cha kartoni kinachobaki karatasi ya choo ikiisha. Watoto walifanya hesabu hiyo wenyewe, hata wale ambao hugawa kwa machozi.

Vibomba tisa au kumi vinatosha. Roketi ya kweli ilikuwa na vipande vinne, kila kimoja kikimaliza kuwaka kinaachwa kianguke, kama mpanda mlima anayetupa bidoni tupu. Kwa hiyo vibomba vya chini viacheni na upana wao. Vya juu vipasueni kwa urefu, mvikunje viwe vyembamba, hadi sentimita 3 hivi, mvigandishe. Kichwa ni karatasi ngumu iliyoviringishwa. Chini wekeni mabawa manne ya kartoni ya sabuni, yatazamane mawili mawili. Kole si lazima kununua: uji mzito wa unga wa muhogo unashika vizuri, mkiuacha ukauke usiku mzima.

Rangi nayo tulitengeneza. Mabaki ya chaki yaliyosagwa na kuchanganywa na uji huo yanatoa nyeupe. Makala iliyosagwa inatoa nyeusi ya kuchora mistari pale vipande vinapokutana. Pakeni mara mbili, nyembamba. Mkipaka nzito inapasuka. Kwa kuisimamisha, jiwe la volkano lenye tundu linafaa kabisa, na mawe hayo tunayo kwa wingi.

Jambo moja tunalisema kwa nguvu. Mvulana mmoja, kwa kutaka kusaidia, alileta kwenye mfuko wake kipande cha chuma chenye mkia alichookota shambani. Alikiona kinafaa kuwa mguu wa roketi. Alikiweka chini polepole, tukatoa watoto wote nje, hatukukigusa tena, tukaita wenye ujuzi wa mabomu. Wamama, watoto wetu wamezoea kutengeneza vigari kwa vyuma vya kuokota. Kwa sasa tuwakataze. Vifaa vitoke ndani ya nyumba tu: kartoni, karatasi, vifuniko vya chupa. Akiona chuma asichokijua, asikiguse, asikitupie jiwe, arudi kwa njia aliyopitia, aite mtu mkubwa.

Yule msichana aliyeziba masikio alikaa mbali siku mbili. Siku ya tatu alikuja na kipande cha kikwembe cha mama yake. Aliuliza mtu mkubwa angekuwa na urefu gani pembeni ya roketi yetu. Tukahesabu pamoja: mama wa mita 1 na 60 anakuwa sentimita 6 na kidogo. Akamtengeneza kwa karatasi, akamvika kikwembe, akamsimamisha karibu na mabawa. Tulipomuuliza ni nani, akasema ni yule mama aliyeipa jina. Bado anashtuka mlango ukipigwa kwa nguvu. Lakini sasa yeye ndiye anayepanga vibomba na kuwapa wenzake lati.

Siku ya posho ijayo tunaanza roketi ya pili, pamoja na jukwaa lake. Tunaomba kila mama atuwekee vibomba vya kartoni na mabaki ya kikwembe. Na yeyote mwenye saa moja ya kukaa na watoto, karibu. Mikono bado haitoshi.