Njaa Hufungua Pua, Lakini Siyo Kila Mara

Mwezi huu tuongee kuhusu pua. Ukipita Kabalagala au Katwe jioni bila kula tangu asubuhi, harufu ya chapati na mayai inakufikia kabla hujaona kibanda. Pita palepale ukiwa umeshiba bugali na sombe, wala huigeukii. Harufu ni ileile; kilichobadilika ni tumbo lako.

Inakuwaje? Tumbo likiwa tupu hutoa homoni iitwayo grelini, iliyogunduliwa na watafiti wa Japani mwaka 1999. Homoni hii hupita kwenye damu mpaka kwenye ubongo na kuuambia utafute chakula. Mwaka 2011 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba watu waliopewa grelini walivuta hewa kwa nguvu zaidi walipokuwa wakinusa. Tukishakula, homoni hiyo hushuka, na chakula tulichokishiba hakinukii vizuri tena. Ndiyo maana mtoto anasukuma sahani ya posho na maharage, lakini akisikia harufu ya embe anaomba!

Pua pia ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya ladha. Bana pua halafu tafuna karanga, utaona. Kwa hiyo mtoto mwenye mafua akikataa kula, usimgombeze. Msafishe pua kwanza, kisha mpe chakula cha vuguvugu, kidogo kidogo, mara nyingi. Kikipata moto, chakula hunukia zaidi.

Sasa sikieni jambo kubwa. Njaa ya siku moja huamsha hamu, lakini utapiamlo mkali huiua. Mtoto aliyekonda sana anaweza kuwekewa chakula kizuri mbele yake, asikitake kabisa. Majirani watasema anadeka. Hapana, huyo ni mgonjwa.

Wahudumu wa afya wanalijua hilo. Mtoto mwenye utapiamlo mkali humpa kwanza chakula cha tiba, ule uji mzito wa karanga wa kwenye pakiti, pamoja na maji safi. Akila vizuri na hana ugonjwa mwingine mkubwa, anaweza kutibiwa akiwa nyumbani. Akikataa, analazwa. Hapa Kampala kitengo cha lishe cha Mwanamugimu, Mulago, kinajulikana kwa kazi hii tangu miaka ya 1960.

Mpeleke mtoto kituo cha afya haraka ukiona haya:
- Amekonda na hataki kula wala kunyonya.
- Miguu yote miwili imevimba, ukibonyeza kwa kidole panabaki shimo.
- Ana umri wa miezi 6 hadi miaka 5, na mkono wake wa juu ukipimwa kwa utepe haufiki sentimita 11.5.

Usingoje mpaka njaa imrudie yenyewe. Mtoto anayelilia chakula bado ana nguvu ya kukidai. Anayenyamaza mbele ya sufuria inayonukia ndiye wa kukimbiza kwa daktari.