Soneti moja, saa nne

Anayetaka kwenda Ufaransa kusomea riwaya na mashairi ya Kifaransa ya kisasa huanza kwa kuogopa ada. Mwaka wa masomo 2024/25, chuo kikuu cha umma kilimtoza Mfaransa, au raia yeyote wa Umoja wa Ulaya, yuro 175 kwa mwaka wa shahada ya kwanza. Mtanzania au Mkenya alipangiwa 2,850, zaidi ya mara 16. Utaratibu huu ulianza 2019 na umelalamikiwa sana. Vyuo vimeruhusiwa kumsamehe mgeni ile tofauti, na kadhaa husamehe. Uliza kabla ya kujaza fomu. Kwa ada hiyo ya 2024/25, asiyesamehewa angelipa 8,550 kwa miaka 3.

Kinachokausha mfuko, hata hivyo, ni chakula na malazi. Mwombaji wa viza hutakiwa aoneshe walau yuro 615 za kujikimu kwa mwezi. Kwa miezi 12 ni 7,380, mara mbili na nusu ya ada yenyewe. Na hizo 615 ni hesabu ya kwenye makaratasi: ukiwa Paris, kodi ya chumba yaweza kuzimeza karibu zote. Ukiwa Poitiers au Clermont-Ferrand, zitakufikisha mbali zaidi.

Vitabu ndivyo vya bei ndogo kuliko vyote. Usihangaike kuzunguka maduka, kwani sheria ya 1981 inataka kitabu kipya kiuzwe bei moja nchi nzima, na punguzo lisizidi asilimia 5. Baudelaire alifariki 1867, Rimbaud 1891, Proust 1922. Hakimiliki zao zimekwisha, na Maktaba ya Taifa inakupa matoleo ya zamani bure kwenye tovuti yake ya Gallica. Camus, aliyefariki 1960, bado analindwa hadi mwisho wa 2030. Huyo nunua, au azima.

Gharama nzito hailipwi kwa yuro. Riwaya ya Proust, *À la recherche du temps perdu*, ina sehemu 7 zilizotoka kati ya 1913 na 1927, jumla kama kurasa 3,000. Tuseme unasoma kurasa 15 kwa saa, mwendo wa haki kwa mtu anayesoma lugha ya kujifunza, tena sentensi moja ikiweza kujaza nusu ukurasa. Ni saa 200. Krediti moja ya Ulaya huhesabiwa saa 25 hadi 30 za kazi, kwa hiyo somo la krediti 4 lina saa 120 kwa wingi, mihadhara na insha zikiwemo. Ndiyo maana mhadhiri hupanga sehemu moja tu ya Proust, na aliyemsoma mzima amemsoma likizo.

Shairi ni kinyume chake. Soneti ina mishororo 14. Ikiwa ni ya mizani 12, zote ni 168. Katika mtihani wa uchambuzi wa saa 4 unapewa dakika 240, karibu dakika moja na nusu kwa kila mizani, na wenyeji bado hutoka wakilia kwamba muda haukutosha.

Aliyelelewa na shairi la Kiswahili ana mtaji hapa. Mizani 12 hukatwa 6 kwa 6, kama sisi tunavyokata 16 kuwa 8 za ukwapi na 8 za utao. Kinachomwangusha ni irabu *e*. Kwetu irabu ikiandikwa inahesabiwa, na hata *m* ya “mtu” ni mizani kamili. Chukua *une table*, yaani meza. Barabarani utasikia mizani mbili. Ndani ya mshororo wa kale, *une* ikifuatwa na konsonanti ni mizani mbili, ikifuatwa na irabu, kama katika *une amie*, ni moja. *Table* nayo ikiangukia mwisho wa mshororo, *e* yake haihesabiwi. Mwanafunzi anagonga vidole mezani, anapata 11, anarudia, anapata 13, na saa ya ukutani inasema zimebaki dakika 190.