Bidoni la Manjano, Plastiki Ambayo Butembo Haitupi

Mvua kubwa ikinyesha Butembo, katika Kivu Kaskazini nchini Kongo, mto Kimemi hubeba kila kitu ambacho mji hauna haja nacho tena: sashe nyeusi, chupa za maji, vifuniko, kandambili zilizokatika, karatasi za biskuti. Lakini kuna kitu kimoja cha plastiki ambacho ni nadra kukiona kikielea humo, ijapokuwa kimejaa majumbani, sokoni na migongoni mwa watu. Ni bidoni la manjano la lita 20, ambalo Watanzania huliita dumu na Wakenya jerikeni. Hata likiwa kuukuu, limepata ufa na kifuniko chake kimepotea, bidoni hilo halikosi mtu wa kuliulizia bei.

Je, wajua kwamba sashe na bidoni hutoka katika familia moja? Ile sashe nyembamba inayolia ukiifinya mkononi kwa kawaida hutengenezwa kwa polithini nzito, ambayo viwandani huandikwa HDPE na kupewa namba 2 ndani ya pembetatu ya mishale. Sasa pindua bidoni utazame kitako chake. Mara nyingi utaikuta namba hiyohiyo. Kilo moja hivi ya plastiki hiyo hutoa bidoni moja litakalotumika kwa miaka, au sashe 200 za gramu tano kila moja, ambazo kazi yake huisha mteja akifika nyumbani na nyanya zake. Kwa hiyo tukisema plastiki ndiyo adui, tunasema nusu ya jambo. Kinachoamua kama plastiki itakuwa uchafu ni umbo ililopewa, na kama kuna mtu atakayeinunua ikiwa tupu.

Polithini yenyewe ilipatikana bila kutafutwa. Mwaka 1933, huko Northwich nchini Uingereza, wakemia Reginald Gibson na Eric Fawcett wa kampuni ya ICI walibana gesi ya ethilini kwa shinikizo kubwa mno pamoja na kemikali nyingine. Walipofungua chombo wakakuta kitu cheupe kinachofanana na nta. Plastiki hiyo ya kwanza ilikuwa laini. Mwaka 1953 Mjerumani Karl Ziegler, akifanya kazi Mülheim, alipata kichocheo kilichoiunda polithini bila shinikizo lile kubwa, na safari hii ikatoka ngumu. Tofauti iko katika minyororo ya molekuli. Minyororo ya polithini laini ina matawi, ile ya Ziegler imenyooka, na kuni zilizonyooka hubanana vizuri katika mzigo kuliko kuni zenye matawi. Ugumu wa bidoni unatoka katika kubanana huko. Ziegler alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1963, pamoja na Mwitalia Giulio Natta.

Umbo la bidoni lina historia nyingine, nayo ni ya vita. Jeshi la Ujerumani lilitaka chombo cha kubebea mafuta ya magari, na kufikia mwaka 1937 lilikuwa na kopo la chuma la lita 20 lenye mipini mitatu juu. Mipini hiyo ilikuwa na hesabu yake: mtu mmoja aweze kushika makopo mawili matupu kwa mkono mmoja, au watu wawili wasaidiane kubeba moja lililojaa. Waingereza waliyateka makopo hayo vitani, wakaona ni bora kuliko yao, wakayaiga. Plastiki ilipokuja ilichukua ujazo uleule na sura ileile ya mstatili, inayopangika kwenye lori bila kupoteza nafasi.

Kiwandani, bidoni hupulizwa. Bomba laini la plastiki ya moto hushushwa katikati ya pande mbili za kalibu, kalibu hufungwa, hewa inaingizwa, na plastiki hutanuka mpaka ikaze kwenye kuta. Pitisha kidole ubavuni mwa bidoni lolote na utaugusa mstari mwembamba pale pande mbili zilipokutana. Mafundi wanaujua mstari huo, kwa sababu upande wa kitakoni ndipo bidoni hupenda kupasukia.

Mengi ya mabidoni haya ya manjano huanza maisha yakiwa na mafuta ya kupikia. Bidhaa za Butembo kutoka mashariki hupitia Uganda, zikavuka mpaka Mpondwe na Kasindi, kisha zikapanda kwenda Beni na Butembo. Mafuta yakiisha, maisha ya pili ya bidoni yanaanza. Linaoshwa, linatiwa mawese kutoka mashamba ya upande wa Beni, au kasiksi ya ndizi, au maji.

Kwa maji ndipo bidoni linapofanya kazi yake kubwa kuliko zote. Likijaa lina kilo 20 hivi, na mabinti na akina mama wa Kinande huzipandisha vilimani zikiwa mgongoni, mkanda umepita kipajini. Mdomo wake mwembamba, ambao watu huulalamikia wakati wa kuosha, ni kinga: hauingizi mkono wala kikombe, kwa hiyo maji yaliyochotwa safi hayachafuki nyumbani kirahisi kama ya ndoo iliyo wazi. Viwango vya Sphere, ambavyo mashirika ya misaada huvifuata duniani kote, vinataka kila mtu apate angalau lita 15 za maji kwa siku, na kila kaya iwe na angalau vyombo viwili vya lita 10 hadi 20 vya kuyachotea na kuyahifadhi. Katika Kivu Kaskazini, ambako familia nyingi zimelazimika kukimbia zaidi ya mara moja, hesabu hiyo si ya kwenye karatasi tu.

Kisha ilikuja Ebola. Mlipuko uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 ulidumu hadi 25 Juni 2020 na kuua watu zaidi ya 2,200, na Beni, Butembo na Katwa zilikuwa katikati yake. Milangoni pa maduka, makanisa, shule na ofisi vilisimama vyombo vya plastiki vyenye robine na maji ya klorini. Klorini hula chuma, lakini polithini nzito haiisumbui, na ndiyo maana hata dawa ya kung'arisha nguo huuzwa katika chupa za plastiki hiyo. Plastiki ikatusaidia kunusurika, na si haki kulisahau hilo tunapozungumzia taka.

Sasa nifike kwenye hatari, kwani mzunguko huu wa kulitumia bidoni tena na tena una mpangilio wake na wengi hawajui kwamba una upande mmoja tu wa kwenda. Bidoni hilohilo la manjano hununuliwa pia na wakadhafi, vijana wanaouza esansi, yaani petroli, barabarani. Esansi na polithini zote ni jamaa wa mafuta ghafi, na vitu vya ukoo mmoja huyeyukiana. Esansi haikai juu ya ukuta wa bidoni kama inavyokaa juu ya kioo. Inazama ndani ya plastiki yenyewe, katikati ya ile minyororo. Osha kwa sabuni, kwa mchanga, kwa majivu, kwa maji ya moto, na bado itakuwamo, ikitoka polepole kuingia katika chochote utakachotia baadaye. Mawese ni mafuta, nayo huivuta kwa urahisi zaidi kuliko maji. Bidoni lililobeba esansi au mazutu lisirudi jikoni kamwe, hata harufu ikiwa imekwisha. Kutoka chakula kwenda maji ni sawa, kutoka maji kwenda mafuta ya gari ni sawa, lakini kurudi nyuma ni sumu. Wamarekani wana desturi ya kutenga rangi: chombo chekundu kwa petroli, cha buluu kwa mafuta ya taa, cha manjano kwa dizeli. Kwetu manjano hubeba yote, na macho hayawezi kukuokoa.

Bidoni likipasuka, fundi huweka chuma kwenye makaa, akayeyusha ukingo wa ufa na kubandika kiraka kilichokatwa kutoka bidoni jingine. Kazi hiyo ina sayansi kamili ndani yake. Polithini nzito huyeyuka kwenye nyuzijoto 130 hivi na kuganda tena bila kupoteza sifa yake, lakini huungana na polithini mwenzake tu. Kiraka cha plastiki ya aina nyingine kitabanduka, na gundi ya kawaida haishiki kabisa. Fundi mzuri pia atauliza kwanza bidoni lilibeba nini, kwa kuwa mvuke wa esansi uliobaki ndani ukikutana na chuma cha moto hulipuka.

Adui mwingine ni jua. Mwanga wake hukata minyororo ya plastiki kidogokidogo, rangi ikapauka, ukuta ukawa mkavu na kukatika. Bidoni linalowekwa kivulini huishi muda mrefu kuliko linaloachwa juu ya bati. Na likishindikana kabisa hukatwa: nusu ya juu ikawa faneli, ya chini ikawa beseni au chungu cha miche. Mabidoni madogo ya lita tano hutundikwa kwa kamba na kugeuzwa kibuyu chirizi cha kunawia nje ya choo.

Mwaka 2017 utafiti wa Roland Geyer na wenzake ulionyesha kwamba, katika taka zote za plastiki duniani hadi mwaka 2015, asilimia 9 tu zilikuwa zimerejelezwa. Wataalamu sasa wanahubiri uchumi wa mzunguko: tumia tena, tengeneza, na kuyeyusha kuwe hatua ya mwisho. Butembo imeufuata mpangilio huo kwa bidoni bila semina yoyote. Nairobi, mhandisi Nzambi Matee na kampuni yake ya Gjenge Makers huchanganya plastiki na mchanga kutengeneza matofali ya kutandikia njia, kazi inayostahili heshima. Hata hivyo, plastiki iliyokwisha kuungana na mchanga haitarudi kuwa bidoni, kwa hiyo tofali liwe kaburi la plastiki iliyochoka, lisimeze ile yenye nguvu bado.

Sheria tunayo. Amri nambari 17/018 ya tarehe 30 Desemba 2017 ilipiga marufuku kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia mifuko na vifungashio vya plastiki nchini Kongo. Sashe bado ziko sokoni. Huko Bukavu takataka za plastiki zimekuwa zikifika hadi bwawa la Ruzizi I na kukwamisha mitambo ya umeme.

Ambacho amri haikufanya kilikuwa kimefanywa na wauza bia zamani. Kila Mkongomani anajua vidanje: chupa tupu ya bia ina thamani, unairudisha, huikuti imetupwa mtaroni. Chupa ya plastiki ya maji haina vidanje, ndiyo maana imelala katika Kimemi. Wafanyabiashara wa Butembo, ambao sifa yao ya kuagiza shehena kutoka mbali inajulikana hadi Dubai, wanaweza kuanzisha vidanje ya chupa za plastiki wakiamua, na meya akisimama nao. Ningependa kuona shirikisho lao likilijadili jambo hili kabla ya mvua nyingine.

Na wewe msomaji, kama nyumbani kwako kuna bidoni lililowahi kubeba esansi, lichore leo kwa msumari, neno ESANSI pande zote mbili, kwa kuwa rangi hubanduka upesi kwenye polithini. Kisha funga kitambaa chekundu kwenye mpini wake, ili hata mtoto asiyejua kusoma asilipeleke kisimani.