Theluji tuliyoisoma chuoni

Sisi tuliokulia vyuoni huku pwani tuliijua theluji kwa jina kabla ya kujua sura yake. Katika dua ya kumwombea maiti tunamwomba Mola amwoshe marehemu kwa maji, na theluji, na mvua ya mawe. Na sote huitikia amina, hali katika hivyo vitatu tukijuacho hasa ni maji peke yake. Mwalimu wangu alitufasiria kuwa ni maji yaliyoganda yakawa meupe mfano wa pamba. Naye pia, Mungu amrehemu, hakupata kuiona.

Mimi nimeiona, tena nimeiona ya kushiba. Disemba ya 2022 nilikuwa mjini Buffalo, jimbo la New York huko Marekani, kwa binti yangu aliyeolewa huko. Mji huo umekaa kwenye ncha ya mashariki ya ziwa Erie. Upepo wa baridi kali uvumapo kutoka magharibi, ukapita juu ya ziwa ambalo halijaganda bado, huchota unyevu wa maji yale yenye ujoto, na ufikapo nchi kavu huutua wote kwa umbo la theluji. Wenyeji wamezoea. Hata hivyo wazee wao waliilinganisha dhoruba hii na ile ya Januari 1977 tu, ambayo mpaka leo husimuliwa.

Ilianza Ijumaa ya tarehe 23. Asubuhi palikuwa na mvua, kisha ghafla baridi ikashuka na dunia ikapotea. Si kwamba ilikuwa giza, msomaji wangu; ilikuwa nyeupe. Niliusimamia mkono wangu dirishani nikatafuta nyumba ya pili, hatua kumi hivi, nisiione. Upepo ulipopiga kwa nguvu zake zote ulipita kilomita 110 kwa saa, na dhoruba hiyo ikadumu saa 37 mfululizo. Magari yakapigwa marufuku. Hata magari ya zimamoto na ya wagonjwa yalikwama njiani.

Sala ya Ijumaa haikusaliwa msikitini. Nikamkumbuka Ibn Umar, radhi za Allah ziwe juu yake, aliyeadhini usiku wa baridi na upepo kisha akawanadia watu wasali makwao. Tulisali adhuhuri sebuleni. Siku za Disemba kule ni fupi mno: jua hutoka karibu na saa mbili asubuhi, na Magharibi huingia kabla ya saa kumi na moja. Mtu hajamaliza kahawa yake ya alasiri, ashaadhiniwa Magharibi.

Usiku ule umeme ukakatika. Tanuri la kupashia nyumba joto liko chini ya nyumba, nalo huwaka kwa gesi. Lakini feni inayousukuma ule ujoto vyumbani yahitaji umeme. Basi gesi ipo na nyumba inapoa. Binti yangu, aliyezaliwa Mombasa na ambaye utotoni alikuwa akilia kwa manyunyu ya kusi, alifanya kazi kama nahodha. Alitundika mablanketi mlangoni, akatukusanya sote chumba kimoja pamoja na wajukuu wawili, akaacha mifereji ikidondoka tone tone ili maji yasigande ndani ya mabomba yakayapasua. Mkaa aliuharimisha kabisa ndani ya nyumba, kwa kuwa moshi wake una sumu isiyo harufu, na watu hulala nao wasiamke. Kanga alizopelekewa kwa ajili ya sherehe zikawa vilemba vya watoto.

Maji ya udhu yalikuma kama moto. Ndipo nilipoionja neema ya kupaka juu ya khofu, mlango ambao chuoni tuliupita mbio: mkaazi ana mchana mmoja na usiku wake, msafiri ana siku tatu.

Lililotukosesha usingizi hasa halikuwa baridi. Mume wa binti yangu ni muuguzi, na zamu yake ya Ijumaa haikuwa na wa kuipokea. Alibaki kazini, na simu yake ikazimika Jumamosi. Binti hakulisema jambo hilo mbele ya watoto. Lakini kila upepo ulipotulia nilimwona akienda dirishani.

Mtaa wa pili wanakaa watu wa Kivu, kutoka Kongo. Mama wa nyumba ile alikuwa akipiga simu kila asubuhi: "Muko bazima?" Wataalamu wetu wa sarufi wangemrudisha darasani kwa hiyo "bazima". Mimi nasema sijasikia Kiswahili kitamu kuliko hicho.

Mkwe wangu alifika Jumatatu kwa miguu, nyusi zimeganda. Theluji iliyoanguka, kwa kipimo cha uwanja wa ndege, ilipita sentimita 130, na upepo uliirundika mahali pengine hadi kuufunga mlango. Watu zaidi ya 40 walikufa katika wilaya ile: wengine ndani ya magari yao, wengine nje wakijaribu kwenda mahali, wengine majumbani mwao ambamo joto lilikatika, na baadhi kwa mshituko wa moyo walipokuwa wakiichota theluji kwa sepetu. Mkwe alitaja wachache aliowapokea, kisha akanyamaza, akaomba chai.

Magari yaliruhusiwa tena Alhamisi, tarehe 29. Yule mama wa Kivu alikuja na sufuria ya sombe, ambayo sisi twaiita kisamvu, akaketi mpaka sufuria ikaisha.