Kijana Aliyefundishwa Kuanguka

Freedom ni mji mdogo ulio kando ya mto Ohio, katika jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, si mbali na Pittsburgh, jiji lililojengwa kwa jasho la viwanda vya chuma. Si mji ambao msafiri angeuendea kwa ajili ya kutazama kitu. Walakini katikati ya miaka ya 1980 kijana mmoja mwanafunzi wa chuo alikuwa akiuendea kila mwisho wa juma, akiendesha gari lake zaidi ya kilomita 500 kutoka Cortland, katika jimbo la New York, kisha akirudi umbali ule ule kuwahi masomo yake. Usiku alilala ndani ya gari hilo hilo, na chakula chake aghalabu kilikuwa mkate na siagi ya karanga. Alichokifuata ni mafunzo ya mieleka ya kulipwa, na mwalimu aliyemtafuta alikuwa Mwitaliano mmoja mwenye umri wa kutosha kuwa baba yake.

Kijana huyo ni Michael Francis Foley, ambaye walimwengu humwita Mick. Alizaliwa tarehe 7 Juni, 1965, akakulia East Setauket, kwenye kisiwa cha Long Island, nyumbani kwa baba aliyekuwa mwelimishaji na msimamizi wa michezo ya shule. Yafaa jambo hili lisemwe mapema, maana watu wengi hudhani kwamba anayejitosa katika kazi ya kubwagwa na kubwaga wenziwe mbele ya watu ni yule aliyekosa shule au aliyesukumwa na njaa. Foley hakusukumwa na njaa. Alikuwa na kitabu mkononi na paa juu ya kichwa, na njia nyingine za kuishi zilikuwa wazi mbele yake.

Kilichomvuta chajulikana, na tarehe yake pia yajulikana. Tarehe 17 Oktoba, 1983, aliomba lifti barabarani kutoka chuoni mpaka ukumbi wa Madison Square Garden mjini New York, kumtazama Jimmy Snuka, mzaliwa wa Fiji, akipambana na Don Muraco ndani ya uzio wa chuma. Snuka alishindwa pambano lile. Lakini baada ya kushindwa alimrudisha mpinzani wake ulingoni, akakwea hadi juu ya uzio, akasimama wima, akajirusha chini mzima mzima. Hata leo watu hulisimulia ruko lile, na wengi wao hawakumbuki kabisa kwamba mshindi wa usiku ule alikuwa Muraco. Yamkini kijana wa Cortland alijifunza hapo jambo ambalo lilikuja kuongoza maisha yake yote ya ulingoni: kwamba katika mchezo huu mtu aweza kushindwa na bado akawa ndiye aliyekumbukwa.

Mwalimu wake, Dominic DeNucci, alizaliwa Italia mwaka 1932, akahamia Amerika ya Kaskazini, na katika miaka ya 1970 alipata kushika ubingwa wa mapambano ya wawili wawili katika chama kikubwa cha New York. Alifariki mwaka 2021. Alikuwa mtu wa misingi, na msingi wa kwanza katika kazi yake ni kuanguka.

Ulingo wa mieleka, machoni pa mtazamaji, huonekana laini kama godoro. Kwa kweli chini ya turubai mna tabaka jembamba la sponji, chini ya sponji mna mbao, na chini ya mbao mna vyuma. Mbao hizo hunepa kidogo, na kunepa huko ndiko kunakouokoa uti wa mgongo. Hazinepi kiasi cha kumfanya mtu asiumie. Kamba nazo, mara nyingi, ni waya wa chuma uliovishwa mpira na kuzungushiwa utepe. Mwanafunzi akizikimbilia na kujitupa juu yake kwa mgongo, kama inavyompasa kufanya mara nyingi kwa siku, juma la kwanza hurudi nyumbani na michubuko ubavuni na chini ya kwapa, wala hawezi kuinua mkono kuchana nywele.

Kuanguka kwenyewe kuna kanuni. Mwanafunzi hukunja kidevu kifuani ili kisogo kisigonge chini. Hutoa pumzi kabla ya kutua, kwa sababu kifua kilichojaa hewa hupasua maumivu mwili mzima. Sehemu ya juu ya mgongo, iliyo pana, ndiyo inayotangulia kugusa turubai, na wakati huo huo mikono miwili huipiga turubai kwa viganja na vigasha ili nguvu ya anguko itawanyike. Akisahau kidevu, hupata kizunguzungu au jambo baya zaidi. Akitanguliza kiwiko kwa hofu, huvunjika mkono. Hofu ndiyo adui mkubwa, maana mwili wa binadamu kwa asili hukataa kuanguka kinyumenyume. Yabidi ufundishwe tena na tena mpaka ukubali. Askari wa miavuli hawatashangazwa na habari hizi. Wao nao, kabla ya kupandishwa ndege, hushinda siku nyingi wakiruka kutoka jukwaa fupi na kujifunza jinsi ya kutua.

Somo la pili ni gumu zaidi kuliko la kwanza, nalo ni kumwamini mwenzio. Katika ndondi kila mtu hulinda kichwa chake mwenyewe. Katika mieleka ya kulipwa, mwenye kuinuliwa juu amemkabidhi shingo yake yule aliyemwinua, na yule aliyemwinua ana wajibu wa kumshusha salama huku watazamaji wakisadiki kwamba anamwangamiza. Mshindi hupangwa kabla. Jambo hili lilikuwa siri kubwa ya kazi, iliyolindwa hata mbele ya wanafunzi wapya, na waandaaji wengi waliikana hadharani kwa miaka mingi. Mwaka 1989 kampuni kubwa ya Vince McMahon ilieleza mbele ya wakuu wa jimbo la New Jersey kwamba shughuli yake ni burudani tu, ili ipate kuepukana na usimamizi na ushuru uliowekewa michezo ya kweli. Kwa hiyo ni haki kusema kwamba matokeo ni maigizo. Mtu atakayesema kwamba maumivu nayo ni maigizo, ajitupe mara moja kwa mgongo juu ya meza ya chakula, kisha aseme tena.

Foley alipanda ulingoni mbele ya watu kwa mara ya kwanza mwaka 1986, huko Clarksburg katika jimbo la West Virginia. Mapambano ya namna hiyo hufanyika katika kumbi za shule na katika majengo ya mazoezi ya askari wa akiba, viti vikiwa vya kukunja, na mara nyingi wanafunzi ndio wanaofunga ulingo mchana na kuufungua usiku. Malipo hutegemea idadi ya watu walioingia. Ikinyesha mvua, kijana aweza kurudi nyumbani na fedha isiyorudisha hata petroli ya safari.

Mwaka ule ule alipata nafasi ambayo vijana wengi wangeitamani bila kuijua. Kampuni ya McMahon ilipokuwa ikirekodi vipindi vyake vya televisheni, iliajiri vijana wasiojulikana kwa usiku mmoja ili wabwagwe na mabingwa. Hawakutakiwa kushinda, wala kusema neno. Foley, akiwa pamoja na mkongwe Les Thornton, alipangwa kukabiliana na Waingereza wawili waliokuwa wakishika ubingwa wa wawili wawili, Davey Boy Smith na Dynamite Kid. Huyu wa pili, ambaye jina lake la kweli lilikuwa Tom Billington, alikuwa na sifa ya kutowahurumia wageni. Alimchapa Foley tayani kwa mkono ulionyooshwa, pigo zito kiasi kwamba kijana yule alikaa majuma kadhaa asiweze kutafuna chakula kigumu. Hapana shaka wengi wangeliacha kazi hapo. Yafaa kuongeza kwamba Billington mwenyewe, kwa ajili ya ukali ule ule aliouelekeza pia kwa mwili wake, alimalizia maisha katika kiti cha magurudumu, akafariki mwaka 2018, siku ya kutimiza miaka 60.

Foley hakuacha, wala hakuacha masomo yake. Lakini alikuwa ameingia katika kazi wakati mbaya. Tangu mwaka 1948 nchi ile ilikuwa imegawanywa katika himaya za mieleka, kila mwandaaji na eneo lake, na kijana aliweza kujifunza kwa kuhama kutoka himaya moja hadi nyingine. McMahon, aliyeinunua kampuni ya baba yake mwaka 1982, alivuka mipaka hiyo kwa nguvu ya televisheni, na himaya zikaanza kufa moja baada ya nyingine. Ngazi aliyotarajia kuipanda kijana wetu ilikuwa inavunjwa vidato naye yuko chini yake.

Mbili zilizosalia ndizo zilizomlea. Mwaka 1988 alikwenda Memphis, mahali palipokuwa na ratiba isiyobadilika kama zamu za kituo cha polisi: Jumatatu Memphis, Jumanne Louisville, Jumatano Evansville, na Jumamosi asubuhi televisheni. Hapo, kwa jina la Cactus Jack, alishika ubingwa wa wawili wawili pamoja na Gary Young. Baadaye alihamia Dallas, kwenye ukumbi wa mabati ulioitwa Sportatorium, ambapo ukoo wa Von Erich ulitawala. Aliondoka Dallas mwaka 1989 baada ya kupigwa katika sekunde chache tu, maana desturi ya kazi hiyo ni kwamba mwenye kuondoka huanguka kwa ajili ya wanaobaki.

Hata kabla ya kupata jina kubwa, alikuwa amekwisha kujulikana kwa jambo moja: alikubali maanguko ambayo wengine waliyakataa. Alijitupa kutoka ukingo wa ulingo hadi kwenye sakafu tupu ya saruji, huku akitua kwa ubavu. Mwalimu wa kuanguka alimfundisha namna ya kupunguza maumivu. Yeye alikuwa akiitumia elimu hiyo kuyaongeza mpaka mwisho wa uwezo wa mwili. Hapa ndipo mtu mwenye busara huanza kutikisa kichwa.

Mnamo Machi 1994, mjini Munich nchini Ujerumani, alifanya zoezi alilolizoea la kunasa kichwa kati ya kamba mbili zilizojisokota. Usiku ule kamba zilikuwa zimekazwa kupita kiasi. Alipojinasua, sikio lake la kulia lilikuwa limechanika vibaya, na katika mpambano ulioendelea na Vader sehemu kubwa yake ikang'oka. Madaktari hawakuweza kuirudisha.

Mke wa askari asomaye habari hii huenda akauliza swali ambalo watazamaji hawaulizi: ni nani aliyelipia matibabu? Askari akivunjika mguu mazoezini, kuna zahanati ya kikosi, na kuna utaratibu wa kumhudumia yeye na jamaa yake. Mwanamieleka wa Marekani, hata yule anayeonekana kwenye televisheni kila juma, kwa kawaida huhesabiwa kisheria kuwa mtu wa kujitegemea, si mwajiriwa. Hana chama cha wafanyakazi. Akikaa nyumbani kwa jeraha, aghalabu mapato hukaa naye.

Kuna jambo jingine liwahusulo wazazi. Foley, alipokuwa bado kijana wa chuo, aliruka kutoka juu ya paa la nyumba ya rafiki yake hadi kwenye godoro, mwenzake akipiga picha za sinema. Picha hizo zilipokuja kuonyeshwa katika televisheni miaka mingi baadaye, zilimpatia mapenzi ya watu. Makampuni ya mieleka hutangaza onyo kwamba watoto wasiige. Lakini watoto huiga, Marekani na kwetu pia, kwenye vitanda vya mama zao na kwenye mirundo ya mchanga wa ujenzi. Huko Mukono, nchini Uganda, tangu mwaka 2023 vijana wamejifunza mieleka katika ulingo wa nguzo uliosimamishwa juu ya tope. Wao angalau wamekusanywa mahali pamoja, na tope ni laini kuliko saruji.

Mengine yajulikana na wengi. Tarehe 28 Juni, 1998, mjini Pittsburgh, karibu kabisa na mahali alipolala ndani ya gari, Foley alitupwa na Undertaker kutoka juu ya uzio wenye urefu wa kama meta tano. Januari 1999 akawa bingwa wa dunia wa kampuni ya McMahon. Mwaka huo huo alitoa kitabu cha maisha yake, alichokiandika mwenyewe kwa mkono, kikashika nafasi ya kwanza katika orodha ya vitabu vilivyonunuliwa zaidi.

Lakini tarehe 24 Januari ya mwaka ule, huko Anaheim katika jimbo la California, alipambana na kijana aliyeitwa The Rock. Foley akafungwa pingu mikono ikiwa nyuma, kisha akapigwa kichwani kwa kiti cha chuma zaidi ya mara 10. Mkewe na watoto wake wawili wadogo walikuwa wamekaa mbele kabisa. Watoto walijua kwamba baba anacheza. Walipoona damu walilia kwa sauti, mpaka mama yao akawaondoa ukumbini. Mtengeneza sinema aliyekuwapo alizipiga nyuso zao, na baadaye akamwonyesha Foley picha hizo nyumbani kwake. Alizitazama kimya, na hakujaribu kujitetea.

Mwaka 2000, akiwa hajatimiza miaka 35, aliacha mieleka ya kila siku.